Mjomba Kesho Asubuhi na Gari la Mikate

Mjomba wangu ni fundi umeme wa magari, na watu wanaomjua kwa mbali humwona mvivu. Mpelekee gari linalosuasua kuwaka, hata boneti hafungui. Atalizunguka, atalipigapiga ubavuni kwa kiganja, kisha atakuuliza linalala wapi. Ukimjibu kwamba linalala nyumbani kwako, atasema, "Basi nitakuja kesho asubuhi." Ndiyo sababu mtaa mzima unamwita Kesho Asubuhi. Wenye haraka wanalikata, wanamwita Kesho tu, jina ambalo kwa fundi ni tusi kamili. Yeye hajali, anaitika.

Mimi nilimuuliza kulikoni, maana jina hilo lilikuwa linaniuma kuliko linavyomuuma yeye.

"Gari likifika kwangu limeshatembea," alinijibu. "Injini ina moto, oili imelainika, betri imeshashiba njiani. Sasa hapo nitaona nini? Ni sawa na kumuuliza mtu amelalaje wakati ameshakunywa chai na kuoga. Gari linalochelewa kuwaka ulikute kitandani."

Kwa hiyo huwafuata wateja majumbani kabla jua halijachomoza, na begi lake la spana begani. Siku moja alikwenda kwa mwenye duka la dawa, ambaye gari lake lilikuwa kila asubuhi betri imechoka na mchana halina neno. Mjomba akashuku taa ya buti, kwamba haizimiki buti likifungwa. Sasa utajuaje kama taa inazimika ndani ya kitu kilichofungwa? Akajikunja akaingia mwenyewe butini, akamwambia mwenye gari afunge. Taa ikabaki inawaka, ugonjwa ukaonekana. Lakini mwenye gari kwenda kufungua, buti likakwama, akakimbilia ndani kutafuta bisibisi. Mkewe naye, ambaye hakuwa na habari, akatoka na ndoo ya maji, akasikia sauti kutoka kwenye gari ikimwambia kwa upole, "Shikamoo mama, mimi ni fundi." Ndoo ilikwenda upande wake na mama wa watu upande wake. Mjomba anapoisimulia habari hii hacheki, na hapo ndipo anapotuvunja mbavu.

Jambo lingine la kumjua nalo ni usafi. Sijaona fundi wa aina yake. Karakana yake ni paa la mabati na kuta mbili tu, lakini inafagiwa asubuhi na jioni, na spana zimepangwa ukutani kila moja kwenye mchoro wake. Huvaa shati lililopigwa pasi kwenda kulala chini ya gari. Hawezi kurudisha kifaa cha watu kikiwa na vumbi, hata kama vumbi lilikuwemo tangu kilipotoka kiwandani. Wateja wanasema anachelewa. Anachelewa kweli, anafuta.

Nampenda sana mzee huyu, nisifiche. Na yeye katika dunia hii anampenda mtu mmoja zaidi ya wote, naye ni mama yangu.

Mama ndiye dada yake mkubwa. Mama yao alipofariki, Mjomba alikuwa hajaanza hata kutembea vizuri, na mama akambeba mgongoni huku yeye mwenyewe bado ni msichana wa shule. Mpaka leo, na mvi zote alizo nazo, Mjomba akikohoa mbele ya dada yake huulizwa kama amevaa fulana ya ndani.

Mama anaoka mikate. Nyuma ya nyumba yetu kuna chumba chenye majiko mawili na meza ndefu ya kukandia unga, na ndani yake kuna joto mwaka mzima. Huamka watu wakiwa usingizi wa mwisho, huoka, hupanga mikate kwenye makreti, kisha huipeleka mwenyewe kwenye maduka na kantini ya hospitali. Anayetaka mkate wa moto hamsubiri mtu. Mama akichelewa kidogo, rafu inajazwa mikate ya wengine, naye hurudi na makreti yake. Kwa hiyo kazi yake yote ilikaa juu ya mgongo wa gari moja kuukuu, refu nyuma, ambalo alilinunua mwenyewe na kujifunza kuliendesha akiwa mtu mzima, watoto wake tumekaa viti vya nyuma tumefumba macho.

Mwaka juzi mama aliugua akalazwa. Mjomba hakujua afanye nini na mikono yake. Kukaa kando ya kitanda cha hospitali hakuwezi, anaanza kukagua swichi za ukutani. Basi akalichukua gari la mama akalipeleka karakana. Alitoa kila kilichotoka chini ya boneti, akapiga msasa kutu yote, akapaka rangi. Rangi aliyokuwa nayo ni ile ya buluu iliyobaki tulipopaka milango ya nyumba. Akarudisha nyaya moja moja, akazifunga, akazifuta. Mama aliporudi akafunguliwa boneti, alisimama pale akalia. Chini ya boneti palikuwa pazuri kuliko sebule yetu. Kwenye vituo vya mafuta vijana wakawa wanaitana waje waone injini inayokaa kwenye chumba cha buluu, na mama akawa anafungua boneti hata siku ambayo oili haihitaji kuangaliwa.

Miezi ikapita, gari likaanza uvivu wa asubuhi.

Mwanzoni lilivuta pumzi moja ndefu ndipo likawaka. Baadaye zikawa pumzi nyingi. Ukizungusha ufunguo, stata ilikuwa inaizungusha injini shingo upande, ngu, ngu, ngu, mpaka unatamani ushuke uisaidie. Kaka yangu mkubwa akanunua betri mpya. Gari likafurahi kidogo, likarudi kule kule. Fundi mwingine akaifungua stata, akabadilisha makaa yake, akasema sasa hata usiku wa baridi litawaka kwa kuambiwa tu. Halikusikia. Mjomba naye alikuja asubuhi nyingi. Alipima betri kwa mita, akasafisha vichwa vyake, akabadilisha oili ikawa nyepesi. Kila safari gari lilimwonea haya likawaka, kisha kesho yake likarudia. Majirani wakazoea kutoka na mataulo mabegani waje kusukuma.

Kaka yangu si mtu mbaya. Ana moyo, ila anapenda mambo yaishe. Jumapili moja alituketisha akasema, "Mama, gari limezeeka. Na wewe, usinielewe vibaya, umri umekwenda. Ulilazwa juzi tu. Pumzika, sisi tupo." Alikuwa ameshampata mtu wa kulinunua kwa ajili ya vipuri, na mtu huyo angekuja Jumamosi asubuhi. Kaka akasema kama Mjomba atakuwa amelitengeneza kufikia siku hiyo, yeye atanyamaza. Kama hajalitengeneza, linakwenda.

Nilitegemea mama aje juu. Mama yangu hana dogo. Lakini aliinamisha kichwa akaangalia mikono yake, akasema, "Labda ni kweli. Wote wawili tumechoka." Mimi nikakaa kimya, na kaka akahesabu ukimya wangu kama kura. Siku zilizofuata nikamwona mama anamgawia jirani mikebe yake ya kuokea, mizuri, iliyokwisha kuzoea moto. Hapo ndipo nilipoogopa. Gari lilikuwa halijaondoka, lakini yeye alikuwa ameshaanza kuondoka.

Jumamosi, alfajiri, Mjomba alikuwa ameshafika. Alikaa nje ya geti mpaka nilipomfungulia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo Mjomba. Umelala kweli?"

"Marahaba. Ingia ndani ya gari. Washa taa za mbele, halafu usipige stata mpaka nikuambie."

Mama alikuwa chumba cha mikate, anatoa mikate ya mwisho jikoni. Kaka alikuwa getini na simu sikioni, anamwelekeza mnunuzi njia. Mjomba akasimama mbele ya gari akitazama ukuta wa nyumba, pale mwanga wa taa ulipopiga.

"Piga."

Nikazungusha ufunguo. Ngu. Ngu. Ngu.

"Acha." Akabaki anautazama ukuta. "Taa hazikufifia."

"Ni vizuri, si ndiyo?"

"Si vizuri, ni ajabu. Betri ikichoka, ukipiga stata taa zinafifia. Stata ikiwa nzito, inakula umeme wote, taa zinafifia vilevile. Hapa taa zinawaka raha mustarehe na stata inakufa njaa. Umeme upo, haufiki. Piga tena, usiachie."

Nikapiga, nikashikilia. Yeye akainama chini ya boneti, akafuata kwa vidole ule waya mnene mwekundu unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata. Ulikuwa mzima. Akaegemea ili aone upande wa pili, akaweka mkono juu ya waya wa eksileta. Akauondoa mkono haraka.

"Acha! Shuka. Njoo ushike hapa."

Nikashika. Waya ulikuwa na joto, joto la kikombe cha chai.

"Huu waya kazi yake ni kuvutwa na mguu tu," akasema. "Hauna ndoa na umeme. Kwa nini una moto?"

Hilo hata mimi nililijua jibu lake, kwa sababu nimekulia kwenye mahubiri yake. Umeme ukienda lazima urudi. Unatoka betri kwa waya mwekundu, unafanya kazi kwenye stata, halafu unarudi nyumbani kupitia waya wa ethi, ule unaoiunganisha injini na bodi ya gari. Mlango huo ukifungwa, umeme unatafuta dirisha, unapita hata kwenye waya wa eksileta, na njia hiyo ni nyembamba, ndiyo maana inachemka. Mjomba akifika kwa mteja yeyote, kitu cha kwanza anachogusa ni nati ya ethi. Amewafundisha mafundi wadogo wote wa mtaa huu: anza na ethi, halafu ndiyo uulize maswali.

"Mjomba," nikasema, "ethi ya gari hili umeshaiangalia?"

Alikuwa hajaiangalia. Asubuhi zote zile, na mita yake na vitambaa vyake, hakuigusa hata mara moja, kwa sababu ile aliifunga yeye mwenyewe kwa mkono wake, na nani hukagua alichokifunga mwenyewe kwa ajili ya dada yake?

Akatoa kwenye begi waya wa kuazimia moto. Ncha moja akaibana kwenye upande hasi wa betri, ya pili akaibana moja kwa moja kwenye chuma cha injini.

"Piga."

Sikuwahi hata kumaliza kuzungusha ufunguo. Gari liliruka kuamka, mara moja, kama zamani.

"Zima! Zima upesi."

Kaka akageuka kule getini. "Limewaka?"

"Subiri kwanza," Mjomba akasema, bila kumtazama.

Akachukua spana, akaifungua ile nati. Akaunyanyua waya wa ethi kutoka kwenye bodi. Chini yake palikuwa na duara la rangi ya buluu, laini, inang'aa, bila hata mkwaruzo. Mahali pekee kwenye gari zima panapotakiwa kuwa chuma kitupu, yeye alikuwa amepapaka rangi vizuri kuliko pote, kisha akafunga waya juu yake na kupafuta. Meno ya nati peke yake ndiyo yaliyokuwa yanabeba mzigo wote, na kutu ilivyokuwa inaingia kwenye meno hayo, ndivyo gari lilivyozidi kuzeeka.

Mjomba akakaa juu ya kreti tupu la mikate. Sijawahi kumwona amekaa kazini.

Nikachuchumaa karibu naye, nikamnong'oneza, "Kwangua, funga, tunyamaze. Kaka atajua nini? Sema ethi ililegea."

"Ndivyo nilivyokuwa nawaza."

"Basi fanya."

Kutoka chumba cha mikate tulimsikia mama akigonga mikebe ili mikate itoke, taratibu, bila kuimba.

"Nikisema ililegea," Mjomba akasema, "atajua kwamba kitu kizee kimelegea na kimekazwa. Atasubiri kingine kilegee. Mama yako ameshaanza kuamini kitu, na aliyemwaminisha ni mimi." Akapiga moyo konde, akanyanyuka, akaenda. Nikamfuata.

Mama alikuwa ameelekea meza. Hakugeuka.

"Dada."

"Nakusikia. Limekufa?"

"Halijafa. Halikuwa linaumwa hata kidogo. Mimi ndiye niliyelifanya hivi."

Mama akageuka, na unga umempanda mpaka kwenye viwiko.

"Ile rangi niliyopaka ukiwa hospitali," Mjomba akasema. "Nilitaka urudi ukute pazuri. Nikapaka hata pasipopakwa. Nimekufungia umeme wako, dada yangu. Watu wamenunua betri, wamefungua stata, majirani wamesukuma, na wewe ukaambiwa umechoka. Ni rangi. Ni mimi na rangi yangu."

Kaka alikuwa ameingia nyuma yetu. Akaanza kucheka, si kwa ubaya, kicheko cha mtu aliyeishiwa maneno. "Mjomba! Yaani muda wote huu, wewe mwenyewe, mzee wa ethi?"

"Wewe nyamaza," mama akasema. Hakuyatoa macho kwa mdogo wake. "Kwa hiyo si uzee?"

"Si uzee, Dada."

"Sema tena."

"Si uzee. Injini hii ina nguvu kuliko mimi. Ilikuwa imezibwa."

Mama akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atamgombeza, na nadhani Mjomba alitamani agombezwe. Badala yake alimshika shavu, akamwachia unga hapo, akatoka nje kwenda kuona mwenyewe.

Akaliinamia lile duara la buluu, akalitazama kwa muda. Mjomba akachukua msasa akaanza kulikwangua, na mama akasimama juu yake mpaka chuma kikatoka cheupe. Waya ukarudi, nati ikakazwa, Mjomba akapaka grisi kwa juu. Mama akasema tupakie makreti. Tukapakia. Akaingia akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari likawaka kabla hajaketi vizuri.

Hapo sasa sote tukamvamia.

"Mama, ngoja leo nikuendeshe mimi," kaka akasema, ameshika mlango. "Halafu mnunuzi akifika tutaongea naye vizuri."

"Dada, usiondoke kwanza," Mjomba akasema, amesimama mbele kabisa ya gari. "Nilisikilize tena likiwa limepoa. Kesho asubuhi nitakuja..."

"Mama, vaa sweta," mimi nikasema, nimelishika mkononi, naliingiza dirishani.

Mama akatutazama mmoja baada ya mwingine. Macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa ile yake ya zamani, ile ambayo ikitoka, kuku waliopanda mezani hushuka.

"Wewe umenipenda mpaka ukataka kuliuza gari langu. Huyu amenipenda mpaka akaliziba umeme. Na wewe mwenye sweta umenipenda ukaninyamazia. Nashukuru, nimewasikia wote, Mungu awabariki. Sasa nipendeni mkiwa mmesogea pembeni, mikate inapoa."

Kaka akauachia mlango. Mimi nikalirudisha sweta kifuani. Mjomba ndiye aliyekuwa wa mwisho, alilishika boneti kidogo, kisha akatoa mkono.

Tukasogea, sote watatu, naye akapita.